Tuseme Kilindini ingekuwa na manowari zake mwaka 1942: distroya kuukuu zigeuzwe vipi ziwinde nyambizi?

Farumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu ni uzi wa "tuseme", kwa hiyo naweka mpaka mapema kati ya kilichotokea na ninachobuni.

Kilichotokea ni hiki. Aprili 1942, Wajapani walipozipiga Colombo na Trincomalee, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa ikawa kambi yao. Tarehe 12 Februari 1944, msafara KR 8 uliotoka Mombasa kwenda Colombo ulipigwa karibu na visiwa vya Maldives. Zilikuwa meli tano za kubeba askari, zikisindikizwa na kruza Hawkins na distroya mbili, Petard na Paladin. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili, na meli ikazama kabla dakika tatu hazijatimia. Walikufa watu 1,297. Kundi kubwa kuliko yote ndani yake lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu waliokuwa njiani kwenda vita vya Burma. Wengi hawana kaburi, na kumbukumbu yao iko Nairobi, kwenye makaburi ya vita.

Ninachobuni: lile jeshi la maji la Royal East African Navy, ambalo kwa kweli lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuvunjwa 1962, tuseme limezaliwa 1942. Mbegu ilikuwepo, maana Kenya ilikuwa na kikosi cha akiba cha wanamaji tangu 1933. London inalikabidhi distroya nne kuukuu za aina ya W zilizojengwa mwishoni mwa Vita vya Kwanza, inasema: geuzeni wenyewe, mlinde njia ya Mombasa–Colombo. Gudi kubwa iko Durban, Kilindini mtafanya kazi ndogondogo.

Sharti moja tu: usiweke kifaa ambacho hakikuwepo baharini kufikia 1943. Mnatoa nini, mnaweka nini?

(Nikisema maili humu ni maili za baharini, na mwendo ni maili kwa saa.)

Nanga Kavu

Naweka kambi hapa, kiti na kahawa.

Mizinga Kwanza

Mkuu, distroya ni mbio na mizinga. W ilikuwa inakwenda maili 34, ina mizinga minne na topido sita. Mimi nisingegusa kitu. Naongeza mizinga ya kutungulia ndege na mabomu ya kina (mapipa yanayoangushwa na kulipuka chini ya maji) nyuma, kazi kwisha. Nyambizi ikiibuka inakula risasi.

Farumi

Mizinga Kwanza, hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanauliza waongeze nini. Meli ya tani 1,100 yenye upana wa mita 9 haina pa kuongeza. Ukipandisha tani moja ya chuma kwenye sitaha bila kushusha nyingine, kusi ya Julai itakufundisha maana ya kwenda mrama.

Mimi naanza kwa kutoa boila.

W ina maboila matatu. Moja liko peke yake mbele, mawili yako chumba cha nyuma. Natoa lile la mbele, na dohani yake nyembamba inaondoka nalo. Pale chini lilipokuwa naweka tangi la mafuta, juu ya tangi naweka malazi ya mabaharia. Wala sijabuni kitu, Waingereza walizifanyia hivyo hivyo V na W zao kadhaa (V ni ndugu wa W) kuanzia 1941, Vimy ikiwa ya kwanza. Mwendo ulishuka hadi maili 24.5, na hakuna aliyejutia.

Sababu ni mafuta. W ya kawaida ilibeba tani 320 hadi 370. Kwa mwendo wa maili 15 zilimfikisha maili 3,500, kwa mwendo wa maili 32 zilimfikisha maili 900 tu. Fanya hesabu: safari ya kwanza ni saa 233, ya pili ni saa 28. Maana yake saa moja ya mbio inakula mafuta ya saa nane za mwendo wa msafara. Mombasa hadi Colombo ni karibu maili 2,500, hapo hujapinda kushoto na kulia kukwepa topido, hujaukimbilia mlio wa asdiki (kifaa cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti majini) ukakuta ni kundi la samaki, ukarudi mbio kuufukuza msafara. Ukifanya hivyo mara tatu nne, siku ya tano unaangalia geji ya mafuta badala ya kuangalia bahari.

Mfano hai: Mei 1943, msafara ONS 5, Atlantiki ya Kaskazini. Kamanda wa wasindikizaji, Peter Gretton, alikuwa kwenye distroya Duncan. Hali ya hewa ikamzuia kujaza mafuta baharini, ikambidi auache msafara akiwa anajua kabisa kwamba nyambizi zimejaa mbele. Sherwood, nahodha wa meli Tay, akashika uongozi, na usiku mkali kuliko yote ukaja Gretton akiwa hayupo. Aliyebaki ni nani? Mmojawapo ni Vidette, V ya zamani iliyokwisha kutolewa boila, na Vidette akazamisha nyambizi. Kuukuu wa 1918 alibaki uwanjani, mwenye mbio akaenda kutafuta mafuta.

Fundi Boila

Mkuu, nimekaa na mitambo maisha yangu yote, hesabu yako ya mwendo inanitatiza. Mashine za W zilitoa nguvu farasi 27,000. Ukitoa theluthi zinabaki 18,000. Nguvu hupanda kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 34 ungeshuka hadi 29 na ushei. Hizo maili tano nyingine zimepotelea wapi?

Farumi

Swali zuri. Ile 34 ni ya meli mpya na nyepesi, siku ya majaribio, chini kumesafishwa. Sisi tunazungumzia meli yenye miaka 25, imejaa mafuta ya ziada, mabomu, rada na watu wasiokuwepo kwenye mchoro wa kwanza, kwa hiyo imekaa chini zaidi majini. Na mchemraba wenyewe ni kanuni ya kirafiki tu: meli nyembamba ikifika mwendo fulani inaanza kusukuma wimbi lake mwenyewe, na kila maili inayofuata unailipia ghali.

Sasa sikia sehemu inayoniumiza kichwa. Kule Atlantiki, nyambizi ya Kijerumani ya Aina VII ilikimbia maili 17 na kidogo ikiwa juu ya maji, kwa hiyo 24.5 ilitosha na kubaki. Lakini I-27 ilikuwa jitu: mita 108, tani zaidi ya 2,500, na juu ya maji ilikimbia maili 23.6.

Mizinga Kwanza

Ahaa! Maili moja ya tofauti. Unamfukuza mpaka Sumatra?

Farumi

Simfukuzi. Nataka azame. Akiwa chini mwendo wake ni maili nane kwa muda mfupi, kisha betri zinakwisha. Rada na mzinga mmoja wa mbele vinatosha kumfanya ateremke, na akishateremka meli ya maili 24 na ya maili 34 ni sawasawa, maana ukizidisha mbio asdiki haisikii chochote isipokuwa kelele za meli yako mwenyewe. Tofauti inakuja kwa korveti, msindikizaji mdogo wa maili 16. Huyo angeachwa na I-27 peupe, mchana, na mabaharia wakipungiwa mkono.

Kwa hiyo kwa bahari yetu boila moja linatoka, la pili haliguswi. Walio tayari kutoa mawili wapate mafuta mengi zaidi, hiyo ni hesabu ya Atlantiki.

Kaskazi Njema

Samahani kuingilia wakuu. Addu, kule kusini ya Maldives, si Waingereza walikuwa na bandari ya siri wakiiita Port T? Kama mafuta yapo njiani, hili tangi la nini?

Farumi

Addu iko karibu maili 2,000 kutoka Mombasa, ni kweli ipo njiani. Ila msafara haukusubiri nje wakati unajaza. Meli tano za askari zinaendelea, wewe umeingia kwenye visiwa kunywa mafuta, na eneo lenyewe ndilo I-27 ilikoijia KR 8. Ukiwa na wasindikizaji wanane, wawili wakaingia Addu, sawa. Ukiwa nao wawili tu?

Na hilo ndilo doa la KR 8 kwa maoni yangu. Sio kwamba Petard ilikuwa meli mbovu. Petard ndiye yule yule ambaye mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 Oktoba 1942, kabla haijazama, wakatoa vitabu vyake vya siri. Lakini asdiki siku njema inasikia mita 1,400 hivi, na distroya mbili haziwezi kufunika mbele na ubavuni kwa meli tano zenye askari. Nne zangu zikiongezeka zinakuwa sita. Afadhali sita za maili 24 kuliko mbili za maili 34.

Mpiga Mbizi

Hiyo "siku njema" mkuu uieleze vizuri. Nimezamia bahari hii miaka mingi. Februari ni kaskazi, maji yametulia, jua linapiga tangu asubuhi. Ikifika mchana tabaka la juu limechemka na ukishuka kidogo unakutana na ubaridi ghafla, kama umevuka mlango. Sauti nayo haipiti hapo moja kwa moja, inapinda kuelekea chini. Khedive Ismail ilipigwa saa nane na nusu mchana. Sisemi ndiyo sababu, nasema ukitaka kuwinda nyambizi bahari ya joto ukiwa na asdiki peke yake, kuna saa za mchana ambapo umeziba sikio moja.

Farumi

Asante sana, hili ndilo nililokuwa nangoja mtu aliseme. Wamarekani waliliona miaka ya 1930 kwenye bahari za joto: asubuhi vifaa vinasikia mbali, mchana vinasikia karibu, jioni vinapona. Tiba yake ilikuwepo, kile kipimajoto cha Spilhaus kinachozamishwa kwa waya, kikipanda kimeshachora mstari wa joto kwa kina kwenye kipande kidogo cha kioo. Ni chepesi, winchi yake inakaa shetri, hakihitaji boila kutolewa. Kila distroya yangu inapata kimoja, na nahodha akiona mstari umekatika karibu na juu anasogeza wasindikizaji wakaribiane.

Rada ni ile ya 271, iliyoanza kwenye Orchis mwaka 1941. Kibanda chake kinachofanana na taa ya karabai kinakaa juu ya chumba cha nahodha, pale palipokuwa na kifaa cha kulenga mizinga. Haikusaidii kitu nyambizi ikiwa chini mchana, lakini usiku I-27 isingethubutu kutembea juu kuutangulia msafara.

Fundi Boila

Na topido? Maana uzito wake najua hujausahau.

Farumi

Topido moja ya inchi 21 ni karibu tani moja na nusu. Bomu moja la kina, lile pipa la Mk VII, ni kilo 190. Topido sita zikishuka, bila kuhesabu mirija yenyewe na kiti chake cha kuzunguka, nimepata nafasi ya mapipa 45 hivi. Zinatoka zote.

Mizinga Kwanza

Hapa nimekushika. Hebu waeleze watu I-27 ilizamishwaje.

Farumi

Haya. Mabomu ya kina yaliilazimisha kuibuka. Petard na Paladin wakaipiga mizinga, makombora ya inchi nne yakashindwa kutoboa mwili wa ndani. Paladin akaenda kuigonga, usukani wa pembeni wa nyambizi ukamchana ubavu mrefu. Petard akaanza kurusha topido moja moja. Sita zikakosa. Ya saba ikapiga.

Mizinga Kwanza

YA SABA. Na wewe umeziteremsha zote gudini.

Farumi

Ukitaka kulijenga jeshi zima juu ya kombora la saba ni shauri lako. Nyambizi iliyoibuka ikiwa na tundu, na distroya sita zimeizunguka, sio tatizo la topido. Mabomu ya kina yaliyowekwa kulipuka karibu na juu, ukapita pembeni yake, yanamaliza kazi.

Fundi Boila

Acheni kuvutana. Mbili kati ya nne zibaki na mirija mitatu ya katikati, mbili zisiwe nayo kabisa. Windo likiibuka, mwenye topido anasogea. Kwa uzito pale katikati ya meli na chini kidogo, mirija mitatu hainisumbui. Ya mizinga ya juu ndiyo inanisumbua.

Mizinga Kwanza

Nakubali, shingo upande.

Nanga Kavu

Kuna kitu hamjagusa. Nilisoma kwamba Petard aliangusha mabomu ya kina pale pale ambapo watu wa Khedive Ismail walikuwa wanaelea. Ni kweli?

Farumi

Ni kweli. I-27 ilijificha chini yao. Nahodha wa Petard alikuwa na meli nyingine nne za askari za kulinda. Akaangusha. Waliookoka siku ile ni watu 214, na baadhi ya waliosalimika na topido hawakusalimika na mshindo wa mapipa.

Ndiyo maana nimeiacha Hedgehog mpaka hapa. Wengine mtaijua: mabomu 24 madogo yanayorushwa mbele ya omo kwa pamoja, yanaanguka kwa duara mita 200 hivi mbele ya meli. Faida inayosemwa siku zote ni mbili. Ya kwanza, asdiki inapoteza nyambizi ukikaribia kuipita juu, na bomu la kina unaliangusha ukiwa umeshapita, yaani unapiga kwa kukisia. Hedgehog unairusha ukiwa bado unamsikia. Ya pili ni takwimu: Waingereza walihesabu mashambulizi 5,174 ya mabomu ya kina yaliyoleta nyambizi 85 na nusu, karibu moja kwa sitini. Hedgehog, mashambulizi 268 na nyambizi 47, moja kwa sita hivi.

Lakini ya tatu ndiyo inayonigusa mimi. Bomu la Hedgehog halilipuki mpaka liguse chuma. Likikosa linakwenda chini kimya. Mabaharia wengi hawakuipenda kwa sababu hiyo, walitaka kusikia mshindo. Sasa rudi kwenye ile bahari ya watu wanaoelea. Pipa la kina lina kilo 130 za baruti na linalipuka hata likikosa, na maji yanabeba mshindo kwenye matumbo ya watu. Bomu la Hedgehog lina kilo 16, na linalipuka pale tu lilipoipata nyambizi. Bado ungerusha vyuma 24 karibu na watu, bado kuna ambao wangekufa. Ila nahodha angekuwa na njia ya pili mkononi, na Petard hakuwa nayo.

Kwa hiyo mzinga wa A, ule wa mbele kabisa, unang'oka. Hedgehog inakaa pale. Inasukuma chini inapofyatuka, kwa hiyo sitaha ile inawekewa nguzo kwa ndani.

Kaskazi Njema

Kule mbele omo inakunywa maji kusi ikivuma. Nyaya za umeme za Hedgehog zitakaa salama?

Farumi

Hazitakaa. Hilo lilikuwa tatizo halisi, chumvi ililala kwenye mifumo ya kufyatulia. Wengine waliikata vipande viwili wakaviweka ubavuni mwa mzinga wa B, nyuma kidogo na juu zaidi. Kwa kusi yetu ningefanya hivyo kwenye meli zote nne, turubai juu, na fundi umeme wa kukagua kila zamu.

Dhow Countries

Mnanishangaza. Vita vya wakoloni, meli za wakoloni, na nyie mnapanga nyaya. Vijana wetu walikuwa na kazi gani na Burma?

Farumi

Hoja unayo na siipingi. Lakini walishapandishwa melini, mkuu. Hii "tuseme" yangu haiwarudishi nyumbani, inawapa msindikizaji. Kama una "tuseme" ambayo Kikosi cha 301 hakikuondoka Mombasa, fungua uzi, mimi wa kwanza kuchangia.

Mpiga Mbizi

Mafunzo je? Meli umeshageuza, watu?

Farumi

Hapo naiba mfano wa Liverpool. Mwaka 1942 Gilbert Roberts alifungua shule ya mbinu, sakafu ndiyo bahari, chaki ndiyo njia za meli. Makamanda wanasimama nyuma ya pazia lenye tundu, wanaona kile tu ambacho wangekiona usiku baharini, na wasichana wa jeshi la maji wanasogeza nyambizi. Wasichana wale wakawashinda makamanda wenye nishani. Kinachotakiwa ni ukumbi na sakafu. Wafumbuaji wa maandishi ya siri wa Kiingereza walikuwa tayari wamekaa kwenye shule ya Allidina Visram Mombasa, wangesogea kidogo.

Fundi Boila

Turudi kwenye chuma kabla uzi haujapotea. Umeweka tangi mahali pa boila. Siku ya kwanza limejaa, omo imezama vizuri, meli imetulia. Siku ya saba ni tupu. Umepoteza uzito chini kabisa, juu bado una rada, Hedgehog na watu. Utatia nini?

Farumi

Maji ya bahari, kama farumi, yaani uzito wa kuituliza meli.

Fundi Boila

Halafu unafika Colombo unajaza mafuta kwenye tangi lenye maji ya chumvi. Yakifika kwenye vichomeo moto unazimika, na utazimika siku unayotaka mbio. Nimeona hiyo kwenye meli ya mizigo, tulikaa usiku mzima gizani tunaelea.

Farumi

Ndiyo maana tangi la mbele ninalitumia la kwanza, na bomba lake haliendi kwenye vichomeo moja kwa moja. Linapitia tangi la kutuamia, maji yanakaa chini, unayatoa kwa koki kabla ya kuruhusu mafuta yapite.

Fundi Boila

Tangi la kutuamia la tani ngapi? Na unaliweka wapi, maana pale juu ya tangi kubwa umeshalaza mabaharia.